Nani Anashika Daftari?

Siku tulipoanza kuandikisha vijana kwenye seva yetu ndogo hapa Nakivale, mama mmoja Mnyarwanda aliingia ukumbini, akamshika mwanawe mkono, akamtoa. Hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, huyu ameshaandikwa sehemu nyingi. Inatosha." Nikabaki na kalamu mkononi. Mimi nilijiona naletea vijana kitu kizuri, kumbe yeye ameona orodha nyingine tu.

Mkimbizi ni mtu wa kuandikwa. Unaandikwa mpakani, unaandikwa kwenye karatasi ya familia, kwenye chakula, hata kwenye chandarua. Wengi mnaosoma hapa mnakumbuka mwaka 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walipohakiki upya wakimbizi wa Uganda nzima. Kazi ilianza Machi ikaisha Oktoba: foleni, vidole kwenye kioo, macho kwenye mashine. Waliohakikiwa walizidi kidogo milioni moja, wakati hesabu ya zamani ilisema milioni moja na laki nne. Nyumbani kwetu tulipanga foleni siku mbili, mdogo wangu akiwa na malaria, kwa sababu kila mtu alijua kwamba jina lisilohakikiwa ni sahani isiyo na chakula.

Na kwa yule mama kuna zaidi ya hapo. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu wa Rwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, maandishi yale yale ndiyo yaliyoamua nani apite na nani asipite. Mtu aliyetoka kwenye historia hiyo akiona kijana anauliza majina, ana haki ya kuuliza daftari ni la nani.

Mimi nimeishia sekondari, na kompyuta nimejifunza kwa kuziharibu. Lakini swali la yule mama lilinifanya nitafute: hao wenye intaneti, wao daftari lao lilishikwa na nani?

Kumbe mwanzoni lilishikwa na ofisi moja. Mtandao wa ARPANET ulianza Marekani mwaka 1969 na kompyuta nne. Zilipoongezeka, ilibidi kuwe na orodha moja ya majina ya kompyuta zote na anwani zake, faili lililoitwa HOSTS.TXT. Lilitunzwa Stanford Research Institute, California, katika kituo kilichoongozwa na mwanamke, Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako ijulikane, unawasiliana na kituo chake, wanaandika, halafu wengine wote wanachukua nakala mpya ya faili. Hebu wazia: mtandao mzima, na majina yote yanapita meza moja. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nadhani mnaijua kazi hiyo. Haikuwa roho mbaya iliyoivunja. Kompyuta ziliongezeka, faili likawa refu, nakala zikawa hazilingani. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa DNS, ambao kila sehemu inatunza majina yake yenyewe na wengine wanaulizia wakihitaji. Mpaka leo ukiandika anwani kwenye simu, ndio huo unaofanya kazi.

Halafu, miaka ishirini na kitu baadaye, watu walirudi kwenye meza moja kwa hiari yao. Twitter ilianza mwaka 2006, na mwanzo ilitumia meseji za simu. Ndiyo maana ujumbe wake ulikuwa na herufi 140: meseji moja inabeba 160, na 20 ziliachwa kwa ajili ya jina. Ujumbe mfupi ulipendeza, hata mimi naupenda. Ila majina, maneno, na orodha ya nani anamfuata nani, vyote vilikaa kwa kampuni. Walikuwepo waliotaka njia nyingine: Evan Prodromou wa Kanada alianzisha Identi.ca mwaka 2008, na Eugen Rochko wa Ujerumani akaleta Mastodon mwaka 2016. Hizo ni habari ndefu na seva zake zinakula umeme, sitaingia huko.

Kilichonishika ni kitu kidogo kilichotoka mwaka huo huo wa 2016, jina lake twtxt, kilichotengenezwa na mtu anayejiita buckket. Wazo lake ni dogo hadi unacheka. Una faili moja la maandishi matupu. Kila mstari ni ujumbe: kwanza tarehe na saa, kisha nafasi ya kitufe cha Tab, kisha maneno yako. Basi. Faili unaliweka popote panapofikika, na anayetaka kukusoma analifuata hapo. Hakuna akaunti, hakuna namba ya simu. Kwetu hilo si jambo dogo, maana ni wangapi hapa wametumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na siku mwenye jina akiitaka, kila kitu kinakwenda naye?

Shida ni moja: utajuaje nani ameandika nini, na mafaili yametawanyika? Hapo ndipo rejista inaingia. Ni programu inayoshika orodha ya majina ya utani na anwani za mafaili. Kila baada ya muda inazunguka, inasoma kila faili, na ukiiuliza inakujibu: hawa ndio watu, huu ndio ujumbe mpya, hawa ndio waliokutaja. Maneno yako hayahamii kwake, yanabaki kwenye faili lako. Rejista ikifa leo, kilichopotea ni orodha tu.

Sisi tulisukumwa na Januari 2021. Jioni ya tarehe 13, kesho yake ikiwa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudi tarehe 18. Kabla ya hapo tulikuwa tumezoea kulia na ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia WhatsApp na wenzake, iliyoanza Julai 2018, lakini kodi si giza. Siku zile kijana wetu mmoja wa Rubondo alitembea kwa miguu hadi Base Camp kwenye mafunzo ya ushonaji ambayo tulikuwa tumeyaahirisha kwa ajili ya korona. Tangazo tulilipeleka kwenye kundi la WhatsApp. Alifika, akakuta kufuli, akarudi. Aliponiona wiki iliyofuata hakunilaumu, akasema tu, "Kaka, mimi nilikuja." Hiyo iliniuma kuliko lawama.

Tukachanga, rafiki akatupatia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, inayokubali umeme wa sola. Ukikaa karibu na kituo, simu inaikamata kwa waya-pasi hata kama nchi nzima haina intaneti, na ukienda zoni nyingine unabeba habari uliyoisoma. Rejista tuliyochagua inaitwa getwtxt. Mipangilio yake imo katika faili moja, getwtxt.yml: mlango wa kusikilizia, ambao ni 9001 usipobadilisha, jina la rejista, mwenye kuisimamia, hifadhi yake, na kila baada ya muda gani izunguke kusoma mafaili. Tuliweka dakika tano kwa kiherehere, betri ikafa kabla ya magharibi. Sasa ni nusu saa na hakuna aliyelalamika.

Makosa tuliyapata. Vijana walioandika mistari yao wenyewe kwa simu waliweka nafasi za kawaida badala ya Tab, na rejista haikuwaona kabisa. Wawili waligombana wakidhani nimewafuta. Saa nayo ilitutesa. Twtxt inataka saa ya kizungu pamoja na tofauti ya ukanda wetu, +03:00 mwishoni, na kijana wa Kiswahili akiambiwa andika saa ya mechi anaandika saa kumi, kwa hiyo mechi ya alasiri ikawa ya asubuhi. Baya zaidi, Raspberry Pi yetu haina saa ya betri ndani yake. Inapata saa kutoka intaneti. Umeme ukikatika na intaneti haipo, ikiwaka inadhani bado ni juzi, na ujumbe wa leo unazama chini ya ule wa zamani. Yaani mashine tuliyoinunua kwa ajili ya siku zisizo na intaneti, bila intaneti haikujua ni siku gani! Tulinunua kisaa cha kupachika chenye betri ya duara. Tulipaswa kuanza nacho.

Kuna jambo kwenye muundo wa hii rejista ambalo nililielewa polepole. Haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa anwani ya faili lake. Akina Bahati tunao wanne na hawagongani. Ofisini, majina mawili yakifanana, mmoja anaambiwa arudi kesho. Na kijana wetu mmoja alipopata safari ya Kanada aliondoka na faili lake kwenye flashi, miaka miwili ya mistari yake, akaliweka huko mahali pengine, akajiandikisha kwetu kwa anwani mpya. Intaneti ikiwepo, rejista inakwenda kumsoma huko. Tatizo ni kwamba sasa anaonekana mara mbili, wa hapa na wa kule, na bado hatujakubaliana kama tumfute yule wa hapa. Mimi nasema abaki.

Yule mama alirudi, baada ya wiki tatu hivi. Aliniomba nimwonyeshe hilo daftari. Nikamgeuzia skrini. Akahesabu kwa kidole: jina la utani, anwani, tarehe.

"Jina la baba yake haliko?"

"Haliko, mama."

"Kabila? Alikotoka?"

"Hakuna pa kuandika."

Akakaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo sisi wote, na kozi zetu, hatukuwa tumejiuliza. "Na akitaka kutoka?"

Nilimjibu kwamba ataniambia, nami nitamtoa. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Na wewe ukiwa umeenda Kanada?"

Jioni ile tulikaa tukaamua. Neno la siri la msimamizi sasa linashikwa na watu watatu, wawili wakiwa wasichana, mmoja wa Juru. Kwenye mlango tumebandika karatasi kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa inayoeleza jinsi ya kujitoa, na kwamba hutaulizwa kwa nini. Kila Ijumaa mafaili yote yananakiliwa, na mwenye faili anaweza kuja na flashi akachukua lake. Wanne wameshajitoa. Mmoja alirudi.

Mwanawe anaandika siku hizi, kwa jina la utani ambalo sitalitaja hapa. Sijui kama mama yake anajua. Mara nyingi anaandika habari za mpira, na saa za mechi anazikosea bado.