Ufunguo wa Laini: Kadi ya Simu na Jitihada za Kuitoa Mikononi mwa Kampuni

Kadi ya simu, ambayo watumiaji wengi wa Afrika Mashariki huiita laini, ni kompyuta ndogo yenye kichakataji, kumbukumbu na programu zake, na kazi yake kubwa ni kuuthibitishia mtandao kwamba anayeomba kuunganishwa ni mteja halali. Salio halimo ndani yake, kwani hilo hutunzwa katika mitambo ya kampuni. Vilivyomo ni vitu viwili ambavyo ndivyo kiini cha mambo yote yatakayoelezwa hapa. Cha kwanza ni namba ya utambulisho wa mteja kimataifa, isiyozidi tarakimu 15, ambayo ni tofauti na ile namba ambayo watu hupeana ili wapigiane: tarakimu zake 3 za mwanzo hutaja nchi, kama vile 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya na 204 kwa Uholanzi, na zinazofuata hutaja kampuni, hata kadi inayoanza na 64004 ikitambulika popote duniani kuwa ni ya Vodacom Tanzania, na inayoanza na 63902 kuwa ni ya Safaricom. Cha pili ni ufunguo wa siri wenye urefu wa biti 128, ambao nakala yake moja imo katika kadi na nyingine katika mitambo ya kampuni iliyoitoa. Simu inapowashwa, mtandao huipa kadi namba ya kubahatisha, kadi huikokotoa pamoja na ufunguo na kurudisha jibu, na mtandao hulilinganisha jibu hilo na lile ulilolipata kwa hesabu yake wenyewe, pasipo ufunguo kupita hewani hata mara moja. Mnunuzi hulipia kadi, lakini ufunguo uliomo hawezi kuusoma, kuunakili wala kuubadilisha.

Mpango huu ulibuniwa Ulaya katika miaka ya 1980, baada ya mashirika ya posta na simu ya bara hilo kuunda, mwaka 1982, kikundi cha wataalamu kilichopewa kazi ya kutengeneza mfumo mmoja wa simu za mkononi utakaovuka mipaka ya nchi. Katika mifumo mingi ya analogia iliyotangulia, utambulisho wa mteja ulikuwa umeandikwa ndani ya chombo chenyewe, kiasi kwamba kubadilisha simu kulihitaji msaada wa kampuni, na wataalamu wale wakaamua kumtenga mteja na chombo kwa kumpa kadi atakayoihamisha apendavyo. Kampuni ya Giesecke & Devrient ya München ndiyo iliyotengeneza kadi 300 za mwanzo na kuiuzia Radiolinja ya Finland, ambayo mtandao wake ulizinduliwa tarehe 1 Julai 1991 kwa simu iliyopigwa na waziri mkuu wa zamani, Harri Holkeri. Kadi za wakati huo zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Baadaye zikapunguzwa hadi milimita 25 kwa 15, kisha 15 kwa 12, na hatimaye 12.3 kwa 8.8, na hatua hizo zikawapatia mafundi wa simu kazi mpya ya kukata laini kwa mashine inayofanana na ile ya kubania karatasi, huku ncha ya mkato ikipita karibu kabisa na chipu yenye viguso vya rangi ya dhahabu.

Kadi iliyomtoa mteja katika kifungo cha chombo ilimtia katika kifungo cha kampuni. Kuhama kampuni kulimaanisha kununua kadi nyingine na kupoteza namba, na ingawa Kenya ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba mwezi Aprili 2011, na Tanzania mwezi Machi 2017, huduma hiyo haikuugusa ufunguo: anayehama hupewa kadi mpya ya kampuni anayoiendea, na namba yake ya zamani huelekezwa huko. Kwa mtu mwenye simu ya laini mbili jambo hilo si zito, kwa kuwa kuchomoa kadi na kupachika nyingine ni kazi ya dakika moja. Uzito wake hudhihirika pale mteja anapokuwa mashine, tena mashine zenyewe zikiwa mamia ya maelfu.

Hali hiyo ilijitokeza wazi Uholanzi, katika habari ambayo haikupata umaarufu unaoistahili. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi wanachama, pale ambapo hesabu ya faida na gharama ingeonyesha inafaa, ziwafungie mita janja asilimia 80 ya watumiaji wa umeme ifikapo mwaka 2020. Mita janja ni ile inayojisoma na kutuma hesabu yake yenyewe, mara nyingi kwa njia ya mtandao wa simu, na kwa hiyo ina kadi ndani yake. Mita kama hiyo hutarajiwa kukaa ukutani kwa miaka 15 au zaidi, ilhali mkataba wa shirika la umeme na kampuni ya simu hudumu miaka michache tu, na mkataba unapokwisha shirika hujikuta na njia mbili: kutuma mafundi nyumba kwa nyumba wabadilishe kadi, au kukubali bei yoyote itakayotajwa na kampuni ileile. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lenye makao yake Paris, lilieleza katika ripoti ya mwaka 2012 kuhusu mawasiliano ya mashine kwamba tatizo hilo lingekuwapo kwa magari, lifti na vyombo vingine vingi, na kwamba dawa yake ni serikali kuwaruhusu wateja wakubwa wamiliki namba za utambulisho wao wenyewe, ambazo hadi hapo zilikuwa zikitolewa kwa kampuni za simu pekee.

Uholanzi ilibadilisha kanuni zake mwaka 2014 na kuwa nchi ya kwanza kutoa ruhusa ya namna hiyo, na mnufaika wa mwanzo alikuwa Enexis, shirika linalosambaza umeme na gesi katika majimbo ya kaskazini, mashariki na kusini mwa nchi hiyo. Shirika likipata msimbo wake, yaani zile tarakimu zinazoitaja kampuni katika namba ya utambulisho, hutengenezewa kadi zinazobeba jina lake na funguo linazozihifadhi lenyewe, kisha hukodi minara ya kampuni ya simu, ambayo kwa Enexis ilikuwa KPN. Mkataba ukimalizika, linaloweza kubadilishwa ni makubaliano na njia za mawasiliano kati ya mitambo, na mita hubaki ukutani bila kuguswa. Zaidi ya hayo, mwenye kadi ya namna hii aweza kufanya mikataba na kampuni mbili au tatu kwa pamoja, ili mita iliyo katika ghorofa ya chini ya ardhi itumie mnara wowote unaosikika. Upungufu wa mpango huu ni kwamba unahitaji mitambo na wataalamu ambao shirika kubwa tu ndilo laweza kuwamudu, na kwamba misimbo ya tarakimu mbili haizidi 100 kwa nchi nzima, kwa hiyo haiwezi kugawiwa kila anayeomba. Hata hivyo, miongoni mwa majaribio yote ya kuifanya kadi isitegemee kampuni, hili ndilo lililoutoa ufunguo kabisa mikononi mwa kampuni ya simu, na yaliyopata kelele nyingi zaidi yalifanya kidogo kuliko hapo.

Kelele zilianzia mwaka 2010, ilipojulikana kwamba Apple ilikuwa ikifikiria kupachika kadi ndani ya iPhone, ili mteja achague kampuni kwenye kioo cha simu. Magazeti ya Ulaya yaliripoti kwamba kampuni kubwa za simu zilitishia kuacha kuilipia iPhone ile ruzuku iliyowawezesha wateja kuipata kwa bei nafuu, na wazo hilo likawekwa kando. Oktoba 2014 Apple ilirudi kwa njia ya upole zaidi, ikatia kadi yake yenyewe katika vishikwambi vya iPad Air 2 na iPad mini 3, kadi iliyomruhusu mnunuzi kuchagua miongoni mwa AT&T, Sprint na T-Mobile nchini Marekani, au EE nchini Uingereza. Verizon haikushiriki, na AT&T ilishiriki kwa sharti lililoufanya mpango mzima uonekane kichekesho: kadi ikishachaguliwa kwake ilifungwa isiweze tena kuhamia kwingine, na aliyetaka kuhama alilazimika kununua kadi nyingine ya Apple.

Wakati huohuo kampuni za simu, kupitia umoja wao wa kimataifa uitwao GSMA, zilikuwa zikiandika viwango vyao wenyewe vya chipu iliyopachikwa ndani ya kifaa, ambayo leo hujulikana kama eSIM. Viwango vya mashine vilitangulia mwishoni mwa mwaka 2013, vya watumiaji wa kawaida vikafuata mwaka 2016, na chipu hiyo ikaingia katika Pixel 2 mwaka 2017 na iPhone XS mwaka 2018, hadi iPhone 14 ya mwaka 2022 ikauzwa Marekani bila tundu la kadi. Katika utaratibu huu utambulisho na ufunguo hupakuliwa kwa intaneti, mara nyingi kwa kupiga picha msimbo wa miraba, na chipu moja yaweza kutunza laini kadhaa. Lakini kila laini inayopakuliwa imetengenezwa na kampuni ya simu, na ufunguo wake ni wa kampuni hiyo kama zamani. Plastiki iliondoka, umiliki ukabaki. Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyochunguza kama kampuni hizo zilikula njama za kudhoofisha ushindani, ilihitimisha Novemba 2019 kwamba utaratibu wa kuandika viwango ulikuwa umezipa kampuni za simu uzito uliopita kiasi, na GSMA ikakubali kuurekebisha ili watengenezaji wa vifaa nao wapate sauti.

Afrika Mashariki ilikuwa na ugomvi wake, tena wenye umbo ambalo halikutokea Ulaya. Mwaka 2014 benki ya Equity ya Kenya, kupitia kampuni yake tanzu ya Finserve, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu bila kujenga minara, kwa kukodi mtandao wa Airtel, na ikatangaza kwamba itatumia laini nyembamba kutoka Taisys ya Taiwan. Hii ni utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, wenye viguso pande zote mbili, unaobandikwa juu ya kadi ya kawaida na kuingizwa nayo katika tundu lilelile, ili simu ya laini moja iwe na mbili. Safaricom ilipinga kwa hoja kwamba utando uliokaa katikati ya kadi na simu waweza kunasa siri zinazopita, zikiwamo namba za siri za M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu. Equity ikajibu kwamba teknolojia hiyo ni salama, na watazamaji wengi hawakukosa kuona kwamba aliyelalamika ndiye aliyekuwa na soko la kulinda. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliruhusu majaribio ya mwaka mmoja, na huduma ikaingia sokoni kwa jina la Equitel.

Mahali palipochaguliwa kwa vita hivyo, yaani usalama wa pesa za simu, panaeleza mengi kuhusu athari halisi za kadi isiyotegemea kampuni. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani walitabiri kwamba kampuni ya simu ikipoteza kadi itageuka hamali, abebaye mzigo wa wengine kwa ujira wa kupunjwa, na utabiri huo umetimia kwa kiasi kidogo tu, hasa kwa wasafiri ambao sasa hununua vifurushi vya nchi waendako kabla ya kupanda ndege na kuikosesha kampuni yao mapato ya kutumia mtandao ugenini. Afrika Mashariki, ambako mteja hununua vocha bila mkataba na hubeba laini mbili kufuata bei ya kifurushi, kadi haikuwahi kuwa pingu imara. Kilichomfunga mteja tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008 ni akaunti ya pesa iliyofungamana na laini. Tanzania ilianza mwaka 2014 kuunganisha mitandao ya pesa ili wateja wa kampuni tofauti watumiane, na Kenya ikafuata mwaka 2018, lakini akaunti yenyewe haihami na namba. Mtanzania anayetaka kuhama mtandao na namba yake, awe anatumia kadi ya plastiki au eSIM, hupaswa kwanza kwenda kwa wakala na kuitoa pesa yake, kisha aanze upya katika mtandao anaohamia.