Shusha Dampo

"Shusha Dampo!" Konda anagonga bodi mara mbili, daladala inasimama Tabata Dampo. Juzi binti niliyekaa naye siti moja aliniuliza, "Samahani mama, dampo lenyewe liko wapi?" Nikamwambia liliondolewa kwa kesi. Akadhani namtania.

Bibi yangu, Magomeni, alikuwa na shimo nyuma ya nyumba. Maganda ya muhogo, vifuu na majivu ya jikoni vyote humo. Likijaa analifukia, juu anachomeka mgomba. Mji ulipobanana, pale uani pakainuka chumba cha mpangaji, na shimo likaisha. Takataka zikaanza kungoja gari.

Magari ya Jiji la Dar es Salaam yalizimwaga Tabata, enzi hizo pembezoni mwa mji. Kisha nyumba na jaa vikakutana. Nani alimfuata mwenzake, hadi leo watu wanabishana. Moshi haukubishana na mtu, uliingia kila dirisha. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy akiwa mbele, walilishtaki Jiji Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipogoma. Aliegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya mtu kuishi. Haki za namna hiyo ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila mlango wa kuzidai mahakamani ulifunguliwa mwaka 1988. Wengine wangeanza na mambo makubwa ya siasa. Watu wa Tabata waliingia na inzi na harufu.

Taka zenyewe hazikwenda mbali. Zilivuka tu hadi Vingunguti, kando ya Bonde la Msimbazi, na huko nako kukawa na watu wenye pua. Baadaye zikaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, kama kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Mafuta ya lori mpaka huko si mchezo, na ndiyo maana gari la taka mtaani kwetu huwa adimu kama mwezi wa Idi.

Anayefika bila kukosa ni kijana wa guta. Alfajiri hupindua kiroba changu barabarani: chupa za maji gunia hili, makopo lile, ukoko wa ugali kwenye ndoo ya mfuga bata. Kinachobaki hakijai hata beseni.

"Hiki sasa ndiyo cha Pugu," husema, na kunyoosha mkono apewe mia tano yake.