Fumbo Katika Tangazo

Pwani inaujua ufundi wa kusema bila ya kusema. Jina la kanga hupita njiani mbele ya macho ya mtaa mzima, na aliyekusudiwa ndiye pekee anayeshtuka. Ufundi wa namna hiyo, kwa sababu nyengine kabisa, uliwahi kutumiwa na wenye biashara wa Marekani walipotaka fedha za wateja ambao waliona haya kuonekana nao hadharani: wanaume wapendanao na wanaume, na wanawake wapendanao na wanawake. Historia ya namna mapenzi hayo yalivyoingia katika filamu, televisheni na matangazo ya nchi hiyo ni historia ya fumbo, na ya gharama ya kulifumbua.

Mwanzoni palikuwa na katazo. Mwaka 1930 wenye studio za Hollywood walijiwekea kanuni za maadili, na kuanzia 1934 kanuni hizo zikatiliwa nguvu. Filamu haikuruhusiwa kuonesha mapenzi ya jinsia moja, wala hata kuyadokeza. Katazo hilo lililegezwa mwaka 1961, na kanuni zenyewe zikaachwa mwaka 1968. Katika miaka yote hiyo, mtu wa aina hiyo alipotokea katika filamu alitambulikana kwa ishara tu: mwendo, sauti, vazi, na aghalabu mwisho mbaya.

Televisheni nayo ilikuwa na hofu yake. Vituo vikubwa vya Marekani huishi kwa fedha za matangazo, na kwa hiyo mwenye bidhaa huwa na kauli hata pale asipofungua mdomo. Mwaka 1989 tamthilia iitwayo thirtysomething iliwaonesha wanaume wawili wakizungumza kitandani. Makampuni kadhaa yaliondoa matangazo yao, na kituo cha ABC kikapoteza zaidi ya dola milioni 1 kwa usiku huo mmoja. Haikuhitajika sheria, hasara ilitosha kuwafunza waandishi mipaka yao.

Hata hivyo, wapo waliouona mlango wa pembeni. Tangu mwaka 1981 kampuni ya vodka ya Absolut ilikuwa ikitangaza katika The Advocate, jarida la wasomaji mashoga, ambako wasomaji wengine hawakufika. Katika miaka ya 1990, kampuni ya magari ya Subaru iligundua kwamba wanawake wapendanao na wanawake walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Ikawatungia matangazo yenye maana mbili. Kibao cha nambari cha gari moja kilisomeka XENA LVR, kwa wapenzi wa mchezo wa televisheni wa Xena. Chengine kilisomeka P-TOWN, jina la mkato la Provincetown, mji wa pwani ya Massachusetts unaopendwa na watu hao. Aliyejua alitabasamu. Asiyejua aliona gari.

Mwaka 1994 duka la samani la IKEA lilitoka nje ya fumbo. Katika tangazo lake la televisheni, lililooneshwa usiku, wanaume wawili wanaoishi pamoja wananunua meza ya kulia chakula. Mmoja anaanza sentensi, mwengine anaimaliza, kama wafanyavyo waliozoeana. Hakuna busu wala hotuba. Kuna meza, na ubao wa ziada wa kuirefusha. Duka moja la kampuni hiyo katika jimbo la New York lilitishiwa bomu. Tangazo halikuondolewa.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, mhusika mkuu wa kipindi cha Ellen, aliyeigizwa na Ellen DeGeneres, alitamka kwamba anapenda wanawake. Watazamaji walikuwa wapatao milioni 42. Makampuni ya Chrysler na JCPenney yalikataa kununua nafasi katika usiku huo, na mwaka uliofuata kipindi kikafungwa. Lakini mwaka 2012 ni JCPenney hiyo hiyo iliyomwajiri DeGeneres kuwa sura ya matangazo yake. Ilipolaumiwa, haikumwacha; na Juni ya mwaka huo katalogi yake ikawaonesha baba wawili pamoja na watoto wao.

Je, kampuni ilitubu, au ilihesabu? Yamkini yote mawili, ila hesabu ndiyo inayodumu. Mwaka 2023 maduka ya Target, baada ya wafanyakazi wake kutishwa, yaliondoa baadhi ya bidhaa za mwezi wa fahari ya watu hao. Mwaka 2024 yakaziweka katika baadhi tu ya maduka. Soko lililofungua mlango lilijua pia namna ya kuurudishia.

Kwa hiyo si vyema kumshukuru muuzaji kana kwamba ndiye mkombozi, maana aghalabu alifika baada ya waandishi, waigizaji na raia waliokwisha kulipa. Lakini lile tangazo la meza halikuwa bure. Wanaume wale hawakuwekwa pale wachekwe, wahurumiwe wala wafe kabla ya hadithi kwisha. Walibishana juu ya mbao na mahali pa kula, na mtazamaji, apende asipende, aliijua nyumba ya namna hiyo.