Kabla ya Bia ya Embe, Kulikuwa na Tembo

Jumamosi iliyopita nilikuwa Diani. Jua la kaskazi, mchanga haukanyagiki. Beshte yangu akaniitishia chupa ya bia ya krafti yenye embe. Kwa wasiojua, krafti ni bia inayopikwa kidogo kidogo na kiwanda kidogo, halafu unauziwa bei ya kukushtua. Hiyo moja ilikuwa 500.

Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Kwanza inakuja harufu ya embe lililoiva, halafu uchachu kidogo, halafu uchungu wa mbali unaokuja ukishameza. Nyepesi, baridi, imeumbiwa joto. Mhudumu akatuambia hii ndiyo mara ya kwanza Pwani kupata kinywaji "asilia" cha msimu wa jua.

Hapo ndipo nikaweka chupa chini. Mara ya kwanza? Pwani hii?

(Kama hujafika miaka 18, hii ni historia tu, si mwaliko.)

Turudi darasani kidogo. Unakumbuka ile methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Sisi shuleni tulidhani ni mtu anayemwagia ndovu maji. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Tembo la methali ni kileo cha mnazi, ambacho wengi wetu leo tunakiita mnazi tu, jina lile lile la mti. Yaani kinywaji hiki kina umri wa methali, na mhudumu wangu hajakisikia.

Babu yangu alikuwa mgema. Mduruma wa Kinango aliyeshuka Msambweni akakodi minazi ya mzee mmoja Mdigo. Yule mzee alikuwa wa swala tano na tembo hakuligusa maishani mwake, lakini minazi yake aliikodisha. Ndiyo Kwale hiyo. Wadigo wengi ni Waislamu, majirani zao wengi si Waislamu, na mnazi umesimama katikati kila mtu akiuangalia kivyake. Sisemi nani yuko sawa. Nasema tumeishi hivyo muda mrefu bila kugombana sana.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Mgema anapanda na kisu chake, kotama. Anatafuta karara, lile ganda la maua ambalo bado halijafunguka, analifunga, anakata ncha, anatundika kibuyu. Utomvu unadondoka usiku kucha. Asubuhi anapanda kuteremsha, jioni anapanda tena kukata upya. Kila siku, mti baada ya mti. Asubuhi ni tembo tamu, linakaribia juisi. Hamira ya hewani inaanza kazi yenyewe, hakuna anayeitia. Kufika jioni ni tembo kali, nguvu yake inakaribia ya bia ya kawaida. Ukilisahau siku kadhaa, una siki ya kutia kwenye kachumbari.

Na zile ngazi anazochonga kwenye shina ili apande, unajua zinaitwaje? Vidato. Kimoja kidato. Ndiyo neno hilo hilo la kidato cha nne. Mama yangu alimaliza kidato cha nne kwa pesa za babu kupanda vidato.

Na kwa Wamijikenda haikuwa pombe ya kulewa tu. Mahari, mazishi, faini ya wazee, vyote vilikuwa na kipimo chake cha tembo. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha kitabu kizima kuhusu Wagiriama kinachoitwa Palms, Wine, and Witnesses. Minazi, tembo na mashahidi. Ukikielewa kichwa hicho, umeelewa nusu ya uchumi wa Pwani ya zamani.

Basi ilikuwaje kinywaji hiki kikawa cha aibu?

Serikali ya kikoloni iliweka vibali vya kugema na kuuza, na maofisa wake waliandika kwamba tembo linawafanya watu wa Pwani wavivu. Hebu mwambie mtu anayepanda minazi mara mbili kwa siku kwamba ni mvivu! Wakati huo huo, mwaka 1922, walowezi wakaanzisha Kenya Breweries kule Nairobi. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu kwenye mawindo, na bia ya Tusker ikapewa jina la kumkumbuka. Kwa hiyo tembo wa kwenye chupa akawa fahari ya taifa, na tembo la kwenye kibuyu likawa kesi.

Uhuru haukubadilisha mengi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na misako ya pombe za kienyeji haikutofautisha sana kati ya sumu ya kichochoroni na utomvu wa mti. Sheria ya 2010, ile ya Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa, lakini jina baya lilishakaa. Babu alimwagiwa mitungi yake zaidi ya mara moja na watu wenye sare. Hakuna aliyewahi kumwita fundi.

Nami si mjinga, najua pombe imevunja nyumba za watu, ya kwetu ikiwemo. Mjomba wangu mmoja tulimzika mapema kwa sababu hiyo. Sisemi watu wanywe. Nasema kama uchachu, matunda na mikono ya mtu ni ufundi ndani ya chupa ya 500, basi ni ufundi pia juu ya mnazi Msambweni.

Nilimpelekea babu chupa moja Jumapili. Magoti hayamruhusu kupanda tena. Akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kwa adabu.

"Tamu," akasema. "Nani kaigema?"

Nikakosa jibu. Chupa ina picha ya embe, haina jina la mtu.

Sasa nyinyi niambieni: kwenu nani alikuwa mgema, na mlishawahi kumuuliza chochote?