Ngeu na Mkaa

Seremala wa zamani, kabla hajautia ubao msumeno, aliupiga mstari kwa uzi uliopakwa ngeu, yaani ule udongo ambao wekundu wake hutokana na kutu ya chuma. Na neno hili, ambalo vijana wetu wa Eldoret huenda wasilijue, nalihuisha leo kwa kuwa wachoraji wa kale wa Kakapel, kule Busia, na wa Kondoa, Tanzania, walichora majabalini kwa rangi nyekundu ya jinsi hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba ngeu haitaji umri wake. Elimu ya kupima umri kwa kaboni, iliyompatia Willard Libby Tuzo ya Nobel mwaka 1960, huhesabu kaboni-14 iliyosalia katika kitu kilichopata kuwa hai, nayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi; ilhali udongo wa chuma, maadamu haukuwa hai tangu dahari, hauna hesabu ya kutoa, labda iwe imebaki ndani yake chembe ya mafuta au utomvu. Mkaa unayo, kwani ulikuwa mti. Na asili ya "kaboni" ni neno la Kilatini lenye maana ya mkaa, uleule tunaoununua kwa debe sokoni!

Lakini mkaa uliofukuliwa chini ya mchoro hutoa taarikhi ya moto, si ya mchoro. Basi msomaji, ukiambiwa picha nyekundu imepimwa kwa kaboni, uliza kwanza: kilichopimwa ni ngeu, au ni mkaa?