Madhara, maudhi na athari

"Sista, hizi dawa ziko na madhara?" Katika kliniki za ARV, dawa za kukabili virusi vya Ukimwi, iwe mjini Mwingi au mjini Wote, swali hili halikosi, hasa kwa aliyeanzishwa dawa siku hiyo hiyo. Sista akijibu ndiyo, amesema kweli, lakini mgonjwa amesikia kwamba anapewa kitu cha kumdhuru. Madhara kwa masikio yetu ni hasara, ni jambo la kukimbiwa. Wataalamu wanakusudia kitu kipana zaidi: lolote ambalo dawa huleta mwilini kando ya kazi iliyopewa, liwe la siku tatu au la maisha.

Wafasiri wamependekeza athari, wengine athari za kando. Ni sahihi, ila sijamsikia mgonjwa akilalamika kwamba ameamka na athari za kando. Wahudumu wa Tanzania wana njia nyingine: husema maudhi madogo madogo, msemo uliozoeleka sana kwenye uzazi wa mpango. Kuudhi si kudhuru. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza kinaudhi. Ini likiharibika, hayo ni madhara. Nasi wa Kenya tungeuazima msemo huu bila kuona haya.

Enzi za stavudini, lakini, maudhi lingekuwa neno la dhihaka. ARV zilipofanywa za bure katika hospitali za umma nchini mwaka 2006, wengi walipewa dawa hiyo kwa kuwa ilikuwa nafuu. Miezi ikipita, nyayo zikawaka moto na vidole vikafa ganzi. Kisha mafuta ya mwili yakahama: mashavu yakabonyea, mikono na miguu ikabaki mishipa mitupu, tumbo na nyuma ya shingo vikajaa. Katika soko la kijijini ambako kila mtu anamjua mwenzake, uso wa namna hiyo ulitoboa siri ya mwenyewe kabla hajasalimia. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani lilitaka stavudini iachwe hatua kwa hatua. Dawa nyingine za wakati ule nazo zilikuwa na athari zao: zidovudini iliweza kupunguza damu na kutia kucha weusi, nevirapini ilianzwa kwa nusu ya dozi siku 14 kwa kuogopa upele, efavirenzi ilimezwa wakati wa kulala ili kizunguzungu kimkute mtu kitandani, pamoja na ndoto za ajabu.

Kuna imani nyingine iliyoshika mizizi: dawa kali inataka chakula. Mvua za Novemba zikikosa Kitui au Makueni na sufuria ya muthokoi ikawa ya kubahatisha, mwenye imani hiyo huruka dozi, akidhani anajikinga na madhara. Kumbe kwa efavirenzi mlo wenye mafuta mengi ndio uliozidisha kizunguzungu. Na dolutegraviri, ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka 2017 na sasa ndiyo msingi wa tiba ya watu wazima, humezwa hata kama hujala. Wa kuangalia ni mama mjamzito: akimeza vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, pamoja nayo tumbo likiwa tupu, madini yale huishika dawa na kuizuia kuingia kwenye damu ipasavyo. Huyo ndiye anayehitaji chakula, au atenganishe saa za kumeza.

Dolutegraviri yenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, na unene. Unene! Mahali ambapo kukonda kulikuwa ushahidi wa ugonjwa, nani atalalamika kwamba nguo zinambana? Majirani wanamsifu, naye anafurahi. Hapa hata maudhi halitoshi, kwa sababu mwenyewe haudhiki, ingawa presha na sukari zinafaa kupimwa. Pengine athari lina kazi yake hapo, kwa kuwa halihukumu.

Sista basi angeweza kumjibu yule mgeni hivi: "Mama, maudhi huenda yakawepo, mengi huisha yenyewe, usiache dawa. Lakini ukiona macho yamekuwa manjano, upele wenye malengelenge au vidonda mdomoni, hayo ni madhara. Rudi siku hiyo hiyo." Madhara ya aina hiyo hujaziwa fomu ya njano ya Bodi ya Dawa na Sumu, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama yake imejazwa.