Mama Kayai na Swali la Lafudhi: Mary Khavere katika Historia ya Vichekesho vya Televisheni kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza kazi ya kisanaa ya Mary Khavere, mwigizaji wa Kenya anayejulikana zaidi kwa jina la uhusika wake, Mama Kayai, katika kipindi cha Vitimbi. Tunadai kwamba lafudhi iliyosikika katika nyumba ya Mzee Ojwang na Mama Kayai haikuwa kasoro ya wasemaji bali zao la ustadi, na kwamba ustadi huo haujapata nafasi unayostahili katika historia ya sanaa za maonyesho za Kiswahili. Mwishoni tunautumia mfano huo kuhoji namna lafudhi za wasemaji wa mkoa wa Kagera zinavyopokelewa.

1.0 Utangulizi

Historia ya tamthilia ya Kiswahili imeandikwa zaidi kutoka kwenye rafu za vitabu. Tunapoifundisha tunaanza na matini zilizochapishwa, kama vile Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 na Hatia ya Penina Muhando ya mwaka 1972, kisha tunasonga mbele kitabu kwa kitabu. Utaratibu huu una faida zake, kwani matini iliyochapishwa husomeka na kusomeka tena. Hata hivyo, unawaacha nje wasanii ambao kazi yao ilikaa katika sauti, uso na mwili. Miongoni mwa waliosahaulika hivyo ni Mary Khavere, ambaye sauti yake ilisikika katika nyumba za Wakenya kwa miongo kadhaa, ilhali jina lake halipatikani katika mihtasari ya kozi zetu.

Swali linaloiongoza makala hii ni jepesi kuuliza: mwigizaji huyu alifanya nini na lugha ya Kiswahili? Jibu lake linahitaji tuangalie kwanza mazingira yaliyokizaa kipindi alichokiigiza.

2.0 Kiswahili cha darasani na Kiswahili cha sebuleni

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na mwaka 1964 utangazaji ukawekwa chini ya serikali kwa jina la Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 chombo hicho kikawa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo yake mwaka 1990, mwenye televisheni nchini humo hakuwa na kituo kingine cha ndani cha kuchagua. Kipindi cha Kiswahili kilichorushwa jioni kilitazamwa na mwenye nyumba, wageni wake, na mara nyingi watoto wa jirani waliojipenyeza mlangoni.

Katika kipindi hichohicho hadhi ya Kiswahili nchini Kenya ilikuwa ikipanda. Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kitumike bungeni. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Vitimbi ni zao la miaka hiyo ya 1980. Kwa hiyo mtoto wa Kenya wa wakati huo alikutana na Kiswahili cha aina mbili katika wiki moja. Darasani alikutana na Kiswahili sanifu, chenye ngeli za kukariri na kalamu nyekundu ya mwalimu. Sebuleni alikutana na Kiswahili cha Mzee Ojwang na Mama Kayai, ambacho mwalimu yuleyule angekisahihisha, lakini ambacho jioni alikitazama na kukicheka pamoja na wanawe.

Wanaisimujamii tumeizoea hoja kwamba lugha ya taifa huenezwa na shule. Katika mfano huu ni lazima tukubali kwamba ilienezwa pia na kicheko. Shule ilimfundisha mtoto namna Kiswahili kinavyopaswa kusemwa. Vitimbi ilimwonyesha kwamba watu kama wazazi wake wanaweza kugombana, kupatana, kudai fedha na kuomba radhi kwa Kiswahili, kila mmoja kwa ulimi aliozaliwa nao.

3.0 Lafudhi kama kazi ya sanaa

Mzee Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau. Jina la mhusika ni la Kiluo na lafudhi yake ni ya Mluo, lakini Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Khavere naye, aliyeigiza kama mke wake, anatoka katika jamii ya Waluhya. Watazamaji wengi waliwadhania wote wawili kuwa Waluo. Dhana hiyo ndiyo cheti chao cha kufuzu.

Uzito wa kazi hiyo hubainika tunapolinganisha mifumo ya sauti. Dholuo haina vikwamizwa /z/, /v/ na /ʃ/. Kwa sababu hiyo, katika lafudhi ya Kiluo inayotambulika Kenya nzima, shule huelekea kuwa sule, shamba huwa samba, na zawadi huwa sawadi. Kikuyu kwa upande wake hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, na vipasuo ghuna vyake huelekea kutanguliwa na unazali. Msemaji wake aweza kusema kura akikusudia kula. Baadhi ya lahaja za Kiluhya nazo huwapa wasemaji wake mwelekeo wa kuvitamka vipasuo ghuna kama sighuna, ndipo gari linapokuwa kari.

Kwa hiyo, mwigizaji Mluhya anayetaka kusikika kama Mluo ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni lazima azuie athari za lugha yake ya kwanza, kisha aingize athari za lugha ya mwingine. Haya yote ayafanye katikati ya ugomvi wa mume na mke, pasipo mtazamaji kuhisi kwamba kuna anayefikiria vikwamizwa. Ingekuwa rahisi kwake kutumia Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Mama Kayai kilihitaji sikio la mwanafonetiki, hata kama mwenye sikio hilo hakuwahi kuitwa hivyo.

Mfano wa nje utatusaidia kuiona tofauti. Katika I Love Lucy, kipindi cha Marekani kilichorushwa na CBS kati ya mwaka 1951 na 1957, Lucille Ball aliigiza kama mke wa mwanamuziki mwenye asili ya Kuba. Mume huyo aliigizwa na Desi Arnaz, ambaye kweli alizaliwa Kuba, na kweli alikuwa mume wa Ball. Lafudhi iliyochekesha pale ilikuwa ya mwenyewe, na ndoa ilikuwa ya kweli. Katika Vitimbi lafudhi zote mbili ziliazimwa, na ndoa nayo iliazimwa. Bado watazamaji waliamini.

4.0 Mke anayegundua

Tofauti ya pili inahusu muundo wa kichekesho. Kwa kawaida Lucy hupanga hila, na mumewe huja kuigundua. Vitimbi iliugeuza mpangilio huo: mwenye hila ni Mzee Ojwang, na anayetaka maelezo ni Mama Kayai. Yeye ndiye kipimo cha akili katika nyumba ile. Mume akijitetea kwa maneno mengi, mke humrudisha kwenye jambo lenyewe.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mjadala wa lafudhi. Katika vichekesho vingi vya ukanda wetu, lafudhi nzito hupewa mjinga, mshamba au mtumishi, huku mwenye busara akisema Kiswahili laini. Khavere aliitumia lafudhi hiyohiyo kuubeba uhusika wenye busara. Mtazamaji aliweza kuicheka sauti na papo hapo kukubaliana na hoja. Vipindi vilivyofuata viliurithi mtaji huu. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, ambamo marehemu Charles Bukeko aliigiza kama Papa, Jacky Nyaminde kama Wilbroda na Jackline Vike kama Awinja, wanawake wenye lafudhi nzito hawakuwa pambo la kichekesho bali waliusukuma mgogoro mbele.

5.0 Jina lililomeza jina

Kwa desturi zetu, kumwita mwanamke Mama Fulani ni kumheshimu. Jina la mtoto hulifunika jina la mama, naye huonekana amepanda daraja. Kwa Khavere, desturi hii ilifanya kazi kwa namna ya pekee, kwani mtoto aliyempa heshima hiyo ni wa kubuni. Barabarani, sokoni na magazetini aliitwa Mama Kayai. Benson Wanjau alipofariki dunia tarehe 12 Julai 2015, wapo waliomtazama Khavere kama mjane, ingawa hawakuwahi kuwa mume na mke nje ya kamera.

Kwa mwigizaji, kuaminiwa kiasi hicho ni sifa kubwa, lakini sifa hiyo huja na hasara. Uhusika unapoonekana kuwa ndiyo tabia ya mtu, hakuna anayeuliza aliujenga vipi. Mwandishi wa tamthilia hubaki na jalada lenye jina lake. Mwigizaji wa aina hii hubaki na jina la mhusika, na kazi yake huhesabiwa kuwa kipaji cha kuzaliwa. Hapo ndipo alipotuponyoka sisi wanataaluma.

6.0 Hitimisho

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo vichekesho vyetu vilikuwa vya redio, kama vile Pwagu na Pwaguzi ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na msikilizaji wa Bukoba alivifuata kwa sikio tu. Huenda ndiyo sababu tunadhani kisa cha Mama Kayai hakituhusu. Kinatuhusu. Mhaya wa vichekesho vyetu tunamfahamu sote: anajisifu, anachanganya Kiingereza, na lafudhi yake inatangulia hoja yake. Mwanafunzi anayetoka Ngenge au Nshamba, wilayani Muleba, anamkuta mhusika huyo akimsubiri mlangoni mwa darasa la chuo kikuu. Akifungua kinywa, wenzake hucheka kabla hajamaliza sentensi. Wapo wanaoamua kunyamaza muhula mzima, na sisi walimu huandika kwamba hawashiriki.

Kazi ya Mary Khavere inatupa njia ya kulijibu tatizo hilo bila kukikataa kicheko. Imeonyesha kwamba lafudhi inaweza kuchekesha na bado ikabeba akili, mamlaka na ukweli wa nyumba nzima, mradi anayepewa lafudhi hiyo apewe pia jambo la maana la kusema. Ni wajibu wa idara zetu kuanza kunukuu na kuchambua mazungumzo ya vipindi kama Vitimbi kwa makini yaleyale tunayoyapa matini zilizochapishwa, na katika uchambuzi huo, pembeni ya jina la Mama Kayai, kuliandika jina la aliyemuumba kwa sauti yake.